Darasa la Rumba ya Kuba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa yeyote anayefikiria kujiunga na darasa la jamii la rumba ya Kuba, na kwa wale waliokwisha jiunga wakarudi nyumbani na maswali. Kama una haraka, soma angalau jibu la klave. Mengine mengi yanaanzia hapo.

Hii ni ile rumba ya Franco na Tabu Ley?

Hapana, ingawa ni ndugu. Rumba tunayocheza ilizaliwa Kuba katika karne ya 19, Havana na Matanzas, miji ya bandari. Waliokuwa wakiicheza ni makuli wa bandarini, wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya sukari, na familia za Weusi zilizobanana kwenye nyumba za kupanga zenye ua mmoja katikati. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1886, na wengi wa waliojaza nyua hizo walikuwa watumwa wa jana au watoto wao. Hakuna gitaa wala tarumbeta humu. Kuna sauti, makofi, mbao na ngozi.

Muziki uliofika Kinshasa na Brazzaville kuanzia miaka ya 1930 kwenye santuri zenye herufi G.V. ulikuwa hasa son, muziki mwingine wa Kuba, wenye nyuzi. Makampuni ya santuri ndiyo yaliyoupachika jina la rumba kwa sababu jina hilo lilikuwa likiuza. Humo ikachipuka rumba ya Kongo, na Afrika Mashariki nako ukanoga muziki wa dansi. Bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro haikujiita Cuban Marimba kwa bahati. UNESCO imeziorodhesha rumba zote mbili: ya Kuba mwaka 2016, ya Kongo mwaka 2021. Ile rumba ya mashindano ya ukumbini, ya kushikana na viatu vya kisigino kirefu, ni kitu cha tatu kabisa. Hatuifundishi.

Kuna aina ngapi, na nianze na ipi?

Tatu. Yambu ni ya taratibu, watu wawili, mwendo wa wazee wenye madaha. Guaguanko ina kasi zaidi, nayo ni ya mwanamume na mwanamke wanaowindana bila kugusana. Kolumbia ni ya mtu mmoja mbele ya ngoma, nayo ina mapigo ya namna nyingine.

Kila mgeni anataka guaguanko siku ya kwanza. Sisi tunaanza na yambu, kwa sababu mwendo ukiwa wa polepole makosa hayana pa kujificha. Anayeweza kucheza yambu kwa dakika tano bila kuharakisha ataipata guaguanko katika wiki chache. Anayerukia guaguanko moja kwa moja hubaki anakimbizana na miguu yake.

Klave ni nini, na kwa nini mnaisisitiza hivyo?

Ni vijiti viwili vya mti mgumu, na ni jina la mdundo unaopigwa navyo. Wote walioko ukumbini, mpiga ngoma, mwimbaji na mchezaji, wanajipima kwa mdundo huo. Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo sawasawa, kisha piga kofi kwenye 1, 4, 8, 11 na 13:

X . . X . . . X . . X . X . . .

Ukishaizoea, ongeza mguu. Kanyaga kwenye 1, 5, 9 na 13. Utagundua kwamba mkono na mguu vinakutana mara mbili tu katika mzunguko mzima, kwenye 1 na 13. Kwingine kote kila kimoja kinakwenda njia yake. Hapo ndipo watu hupotea: mguu unauvuta mkono, au mkono unauvuta mguu.

Kosa la kwanza ni pigo la tatu. Linatakiwa liwe la 8, lakini masikio yaliyokulia kwenye rumba ya Kongo, muziki wa dansi au salsa yanalivuta hadi la 7. Ukipiga la 7 umepiga klave ya son, nayo ni klave halali ila si ya hapa, na mpiga kinto, ngoma ndogo yenye sauti ya juu, atakuangalia kwa jicho baya. Dawa yake ni kuliona lile la 8 kama pigo linaloutangulia mguu kwa kitambo kidogo sana: mkono (8), mguu (9), vikifuatana papo hapo. Rudia kipande hicho peke yake, mkono-mguu, mkono-mguu, kabla ya kukirudisha ndani ya mzunguko.

Kosa la pili ni kukimbia baada ya 13. Kuna nafasi tatu tupu hapo, za 14, 15 na 16, na mtu mwenye wasiwasi hazingoji. Zitamke kwa sauti mpaka uache kuziogopa. Anza na hatua 60 kwa dakika, na usiongeze kasi mpaka uweze kuzungumza na mtu huku mikono ikiendelea.

Kuhusu vijiti vyenyewe: kimoja hulala juu ya ncha za vidole na ukingo wa kiganja kilichopindwa, kikiwa na uwazi chini yake. Kingine hupiga katikati ya kile kilicholala. Ukikishika kwa ngumi, sauti inakufa, inabaki "tak" kavu kama ya kugonga meza.

Hatua ya msingi inachezwaje?

Simama miguu ikiwa sambamba, upana wa nyonga. Kunja magoti ushuke kama sentimita 10 kutoka urefu wako wa kawaida, na ubaki huko huko. Kiwiliwili kinainama kidogo kutokea kwenye nyonga, mgongo ukiwa mrefu. Viwiko vimekunjwa, mikono iko usawa wa kiuno.

Kwenye 1, mguu wa kulia unatoka pembeni kama sentimita 30 na kugusa sakafu kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Uzito bado uko kushoto. Kwenye 5, mguu huo unarudi katikati na kupokea uzito wote. Kwenye 9, wa kushoto unatoka. Kwenye 13, unarudi. Ni hayo tu, na ni kazi ya miezi.

Anayekosea mara nyingi huwa ameuhamishia uzito mguu uliotoka. Hapo inambidi auvute mwili mzima kuurudisha, kwa hiyo anachelewa kila mara na hajui kwa nini. Jipime: mguu ukiwa pembeni, unaweza kuunyanyua bila kuyumba? Kama huwezi, umeuegemea.

Kosa jingine ni kuruka-ruka juu. Mkazo wa rumba unakwenda chini, kwenye ule mguu unaorudi. Na kasi ikipanda, punguza upana wa hatua, sentimita 15 zinatosha. Wengi hubaki na hatua kubwa ile ile kisha wakalalamika kwamba ngoma zinakimbia.

Mbona kiuno changu hakichezi kama cha mwalimu?

Kwa sababu unakichezesha. Katika rumba nyonga inasogea kwa kuwa uzito umehama kutoka mguu hadi mguu na magoti yamekunjwa. Nyoosha goti moja, nyonga inafunga. Aliyezoea kukata kiuno kwenye chakacha au ndombolo analeta mwendo mzuri lakini si mahali pake, na mara nyingi kiuno kinamtangulia mguu. Kwa wiki za mwanzo sahau kiuno kabisa. Shughulika na kifua: mguu ukitoka, kifua kinajikunja kidogo, mguu ukirudi, kinafunguka na mabega yanashuka. Kiuno kitafuata chenyewe.

Vakunao ni nini? Nimesikia ni utovu wa adabu.

Ni kiini cha mchezo wa guaguanko. Mwanamume anamzunguka mwanamke, anamzubaisha, kisha ghafla anatupa ishara kuelekea kwake: kwa nyonga, mkono, mguu, au kitambaa cha mkononi. Mwanamke anatakiwa awe ameshaiona. Anajifunika kwa mkono au pindo la sketi, na kwa pigo hilo hilo anageuka upande. Wakuba wenyewe wanaufananisha na jogoo na koo. Ishara ikifika bila kuzuiwa, mwanamume amepata bao, nao wanaendelea.

Ni mchezo wa akili na macho, na mwanamke hachezi kwa kujihami tu: anavuta, anakaribisha, anafungua sketi kisha anaifunga. Anayejifunika muda wote ameua mchezo. Anayetupa vakunao kila mzunguko ameuua pia, maana hakuna anayeshtuka tena. Mara moja au mbili katika kiitikio kizima inatosha, na ile iliyongojewa ndiyo inayopigiwa makelele.

Kanuni za darasani ni hizi, na hatuzijadili. Hakuna kugusana, nafasi kati yenu isipungue urefu wa mkono. Wachezaji hubadilishana kila wimbo. Asiyetaka kucheza sehemu hii anaifanyia mazoezi peke yake, au wanawake kwa wanawake, bila kuulizwa sababu. Katika yambu vakunao haimo kabisa. Anayeitupa humo anaonyesha hajui anacheza nini.

Mimi ni Mwislamu (au mlokole). Je, hii ni ibada?

Rumba si ibada. Ni ngoma ya kidunia, ya uani, ya sherehe na ya kupashana habari. Lakini imeishi jirani na dini za Waafrika wa Kuba, na tungekudanganya tukisema mipaka iko wazi daima. Nyimbo nyingine zinawataja orisha, miungu wa asili ya Kiyoruba. Zingine zina maneno ya Kikongo kutoka Palo, dini ya Kuba yenye asili ya Kongo. Mwendo wa kolumbia umechota mengi kwa ireme, mcheza kinyago wa Abakua, jumuiya ya siri ya wanaume iliyoanzia Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, mwaka 1836, ikiwa na asili yake Calabar, Nigeria ya leo.

Kwa hiyo tunafanya hivi: kabla ya wimbo mpya, mwalimu anaeleza maneno yake. Ukiona hauendani na imani yako, piga makofi bila kuimba, au kaa pembeni. Hakuna atakayekuuliza.

Madarasa ya ngoma za orisha ni mengine na hutangazwa kwa jina hilo. Humo mienendo yenyewe imetoka kwenye ibada, na huchezwa kwa ngoma za batá. Zinazopigwa darasani ni zile zisizowekwa wakfu. Zilizowekwa wakfu zina masharti ya nani azishike na lini, na haziletwi ukumbini kwa mazoezi.

Kolumbia naweza kuanza lini?

Klave ikishakaa mwilini. Kolumbia imetoka mashambani Matanzas, na mzunguko wake una nafasi 12. Kengele yake, ambayo zamani ilikuwa jembe lililogongwa kwa kipande cha chuma, inapiga 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12:

X . X . X X . X . X . X

Mguu unakanyaga 1, 4, 7 na 10. Aliyekulia karibu na ngoma za kwao za mwendo wa tatu-tatu mara nyingi huipata haraka kuliko aliyetoka kwenye salsa, ambaye anataka kila kitu kigawanyike kwa nne.

Mchezaji anaingia peke yake, anazisalimu ngoma kwa kuinama au kugusa karibu nazo, na kuanza mazungumzo na kinto. Anatupa mwendo, anakata ghafla. Kinto inajibu pale alipokata. Au kinto inatangulia na yeye analazimika kujibu. Mwanzoni usitafute ufundi wa miguu. Jifunze kusimama. Mtu anayejua kusimama wima kwa mizunguko miwili huku ngoma zikichemka, kisha akatoa hatua moja safi, anawazidi wanaomwaga kila walicho nacho.

Huko Kuba utaona visu, mapanga, na glasi ya maji kichwani. Visu vya kweli haviingii ukumbini kwetu.

Mwanamke anaruhusiwa kucheza kolumbia?

Ndiyo. Kwa desturi ilikuwa ya wanaume, lakini hata simulizi za zamani zinamtaja Andrea Baró, mwanamke aliyesifika kwa kolumbia. Leo wanawake wanaicheza Kuba na nje ya Kuba. Hatua ni zile zile.

Ni lazima ngoma ziwe za moja kwa moja? Kwa nini msitumie spika?

Kwa mazoezi ya nyumbani, spika inatosha. Darasani tunaona haifai, na sababu ni kinto. Katika rekodi, kinto ilikuwa ikimjibu mchezaji mwingine, au haikumjibu yeyote. Ukiizoea hiyo unajifunza kucheza juu ya muziki badala ya kucheza nao.

Kundi kamili ni watu watano: tumba (ngoma ndefu ya ngozi) nene inayoweka msingi, tumba ya kati inayoijibu, kinto, klave, na guagua, yaani kipande cha mwanzi mnene au mti uliotobolewa kinachogongwa kwa fimbo mbili. Mkiwa wachache, mpiga mmoja mwenye uzoefu anaweza kushika tumba zote mbili za chini, mwimbaji akashika klave. Watatu ndio mwisho wa kupunguza. Chini ya hapo wekeni klave na makofi, muimbe, mwache tumba kando. Inasikika vizuri kuliko tumba moja inayojaribu kufanya kazi ya ngoma tatu.

Ngozi hulegea msimu wa mvua na hewa ikiwa nzito. Kaza nati kwa robo mzunguko kila moja, ukienda kwa ile ya upande wa pili kila mara, si kwa kuzunguka. Ukizunguka, ngozi inavutika upande mmoja na sauti inakwaruza. Darasa likiisha, legeza kinto. Ngozi iliyoachwa imekazwa usiku kucha ndiyo inayopasuka.

Hatuna tumba. Tufanyeje?

Fanyeni kama walivyofanya wenyewe. Rumba ya mwanzo ilipigwa kwenye makasha: ya samaki wa chumvi kwa sauti nene, madogo ya mishumaa kwa sauti kali. Yambu mpaka leo inapendeza zaidi kwenye kasha.

Mpe fundi seremala vipimo hivi vya kasha la sauti nene: kimo sentimita 50, upana 40, kina 35. Pande nne na mgongo ziwe plaiwudi ya milimita 12. Uso wa kupigwa uwe wa milimita 5 au 6, na mgongoni tundu la duara la sentimita 12. Kila ungio lipakwe gundi kwa urefu wake wote. Hapa ndipo mafundi hupunguza kazi: wanatia misumari, gundi wanaweka kwa matone. Kasha hilo litalia vizuri wiki mbili, kisha kila pigo litafuatwa na mtetemo kama wa kabati bovu. Uso usipigwe misumari kabisa. Ugundishwe na kubanwa usiku mmoja, kisha skrubu za pembeni. Kasha la kinto liwe kama nusu ya vipimo hivyo.

Vua pete kabla ya kupiga, iwe ngozi au mbao.

Nivae nini?

Nguo nyepesi inayoruhusu magoti kukunjika. Wanaovaa hijabu wacheze nayo. Bana ncha mbili kwa pini ili zisipige usoni kwenye mgeuko. Wanaume, suruali isiyobana na kitambaa cha mkononi.

Sketi ya rumba ni pana, ya duara zima, na kitenge kinafaa sana. Kwa kiuno cha sentimita 75 na urefu wa sentimita 85, hesabu ni hii. Gawa kiuno kwa 6.28, unapata kama 12. Hiyo ndiyo nusu-kipenyo ya tundu la kiuno. Ongeza 85 za urefu na 2 za pindo, jumla 99. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 kinaingiza nusu duara hiyo bila kuunga. Nusu duara mbili zinakula karibu mita 4, na kipande cha yadi 6 ni kama mita 5.5, kwa hiyo inabaki ya mkanda wa kiuno na kilemba. Kifue kitenge kabla ya kukata, maana kipya kina gundi na hurudi kikilowa.

Kanga ni ngumu zaidi: upande mmoja una urefu wa kama mita 1.5, unatoa robo duara tu, kwa hiyo unahitaji doti mbili, na unapoteza pindo na jina la kanga. Tunaona ni uharibifu.

Sketi iishie juu ya kifundo cha mguu kwa sentimita 10 hivi. Inayofika chini utaikanyaga unaporudi nyuma. Ishike kwa vidole kwenye pindo, si kwa kuikunja kwenye ngumi. Mkono uliofumbwa hauwezi kuifungua kwa wakati.

Viatu au peku?

Kwenye sakafu ya mbao, upendavyo. Rumba yenyewe ni ya viatu, watu walicheza kwa nguo walizotokea kazini au kanisani. Kwenye saruji au vigae vaa viatu vyepesi vya soli bapa. Epuka raba za mazoezi zenye soli inayong'ang'ania: mwili unageuka, unyayo unabaki, na anayelipa ni goti.

Magoti yananiuma baada ya darasa. Niache?

Angalia kwanza goti linaelekea wapi unaposhuka. Likiangukia ndani, kuelekea goti jingine, maumivu ya mbele ya goti ni jambo la kutegemea. Goti lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu. Sababu ya pili ni kushuka kupita uwezo wako. Sentimita 5 zinatosha mpaka mapaja yapate nguvu. Ya tatu ni kuchelewa na kukosa kupasha mwili moto.

Uchovu wa mapaja na mashavu ya miguu ni wa kawaida kwa siku mbili. Goti lililovimba, linalojifunga, au linalouma hata ukipanda ngazi si la mwalimu wa ngoma. Muone daktari.

Darasa la dakika 90 linakwendaje?

Robo saa ya kupasha mwili: vifundo vya miguu, magoti, nyonga, mbavu, mabega, kwa mpangilio huo. Robo saa ya makofi, klave na kiitikio, watu wamesimama. Nusu saa ya kuvuka ukumbi kwa mistari, watatu watatu, kuelekea wapiga ngoma. Kisha duara, kama dakika 20. Zilizobaki ni za kunyoosha viungo na matangazo. Njoo na maji, nusu lita angalau, na usije na ugali wa nusu saa iliyopita tumboni.

Sijui Kihispania. Nitaimbaje?

Kama wengine: kwa sikio. Kiitikio ni mstari mmoja au miwili inayorudiwa. Mwalimu anautamka, mnaurudia bila ngoma, kisha juu ya klave. Usingoje ujue maana ndipo ufungue mdomo.

Ujue tu mpangilio. Kiongozi anaanza kwa sauti zisizo maneno, zinazoitwa diana, kuwapa wote mahali pa kuanzia. Kisha anaimba hadithi yake, na huo ni wakati wa kusikiliza. Halafu kiitikio kinaingia, ngoma zinapanda, na hapo ndipo mchezaji anapoingia. Anayeruka uwanjani wakati wa hadithi amemkatiza mtu kauli.

Adabu za duara ni zipi?

Unaingia ukitazama ngoma na unazisalimu. Watu wawili wakiwa katikati, unangoja. Ukitaka kumpokea mmoja, unasogea polepole aone, unamgusa bega, naye anakuachia. Ukikataliwa, rudi ukapige makofi. Usikae muda mrefu; viitikio vichache vinatosha, toka kabla hujachoka.

Usishike tumba ya mtu bila kuomba, hata kama imekaa bure. Usichukue klave kama huna hakika, kwa sababu klave ikiteleza kila mtu anaanguka nayo. Na wasiocheza hawasimami kimya na simu mkononi: wanaimba. Duara lisiloitikia linamchosha mchezaji ndani ya dakika moja. Kupiga picha ni baada ya kuomba ruhusa, na watoto hawapigwi kabisa.

Itanichukua muda gani kuingia kwenye duara?

Kuimba na kupiga makofi, siku ya kwanza. Kucheza yambu mbele ya wenzako, kwa anayekuja kila wiki na kufanya mazoezi ya klave dakika kumi kwa siku, miezi miwili au mitatu. Kuongea na kinto kwa kolumbia, tuseme miaka.

Watoto na wazee je?

Watoto wanaoweza kutulia kwa dakika 15 wanakaribishwa. Wanacheza hatua na kuimba, vakunao hawafundishwi. Wazee wana faida katika yambu, ambayo kwa desturi huigiza mwendo wa wazee. Mama wa miaka 70 anayeshuka polepole mkono ukiwa kiunoni hahitaji kufundishwa uigizaji. Wekeni viti karibu na ngoma, si nyuma ya ukumbi.

Mchango unakwenda wapi?

Wapiga ngoma kwanza, kodi ya ukumbi pili, ngozi na matengenezo tatu. Madarasa mengi hufanya kinyume, yakilipa ukumbi kwanza na kuwapa wapigaji kilichobaki, na baada ya muda hubaki na ukumbi na spika. Asiye na mchango aje mapema kupanga viti na kubeba tumba.

Nikisafiri, niisikilize wapi?

Havana, Callejón de Hamel siku ya Jumapili mchana, ingawa pamejaa watalii, na onyesho la rumba la Conjunto Folklórico Nacional, kundi lililoundwa 1962. Matanzas, waulizie Los Muñequitos, walioanza 1952 na bado wanapiga, kizazi juu ya kizazi. New York, Central Park Jumapili za kiangazi. Oakland, California, kuna Malonga Casquelourd Center for the Arts, jengo lililopewa jina la mcheza ngoma na mwalimu kutoka Kongo; humo madarasa ya Kuba, Haiti na Kongo yanapishana kwenye korido moja. Kokote uendako, simama pembeni nyimbo mbili tatu kabla ya kuingia.

Nikichelewa?

Ndani ya robo saa ya kwanza, ingia upashe mwili nasi. Baada ya hapo, pasha mwili mwenyewe kwenye korido kwa dakika kumi, kisha ingia wimbo ukiisha, upande wa nyuma, si kwa kukatiza mbele ya ngoma. Baada ya nusu saa hutaingia kwenye mistari siku hiyo, lakini kuna klave ya kushika na kiitikio cha kuimba.